Raba za Starlet ya Baba

Nitupe? Fundi, hizo raba ulizochomoa kwenye springi hazitupwi, hata uniletee mpya bure! Juzi nilimfokea hivyo gereji, Tegeta, mpaka akasema, "Sista, punguza. Raba za kienyeji tu hizi, na hiki kigari chenyewe kibebi woka, kama cha mtoto anayejifunza kutembea."

Kibebi woka? Mie nilikuwepo, mtoto mdogo, baba alipokiinua kwa kuzipachika raba hizo kwenye springi. Alizikata kwa grainda pale uani kutoka kwenye tairi bovu la lori, harufu ya mpira unaoungua ikaingia hadi kwenye maharage ya mama. Nyundo ikalia mchana kutwa. Asubuhi dirisha la gari lilikuwa usawa wa kidevu changu, jioni likanifika puani. Nikalia, nikajua gari linakua haraka kuliko mie.

"Baba Rehema, mwenzio analia gari limempita," mama alisema, anacheka huku kashika tumbo lake kubwa.

"Atalikuta," baba akajibu. "Mie nataka livuke korongo la njia yetu bila kugusa chini."

Sikuelewa haraka yote ile ya nini. Wiki ileile mvua ikashuka, njia ya kwetu ikawa tope tupu, magari ya majirani yakakwama. La kwetu likapita, mama ndani anapiga kelele, likamfikisha hospitali. Mdogo wangu Juma akazaliwa mzima. Leo kanizidi urefu, na Starlet naiendesha mie.

Ndiyo maana juzi nilisimama palepale gereji mpaka fundi akazirudisha zilezile. Wewe ungezitupa?