Simba Mzee wa Chumba Namba Tisa

Kazi ya kutunza wazee huko ughaibuni, Walthamstow, mwaka 1999, Ummukulthum alitafutiwa na Fortunat, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi. Alimjazia fomu, akamfundisha kumgeuza mgonjwa bila kuumia mgongo. Kwa miezi kadhaa Ummukulthum alimwombea dua.

Chumba namba tisa alilala Mwalimu Alnashir, Muismaili wa Dar es Salaam, miaka themanini na tatu, kiharusi kimemlaza upande wa kulia. Zamani alisomesha watoto hadithi za wanyama za Wagiriki wa kale. Siku aliposikia Kiswahili cha Unguja cha Ummukulthum mlangoni, alilia. Tangu hapo, kila akilishwa uji, alitoa hadithi moja: mbweha aliyemsifu kunguru mpaka jibini ikaanguka, kobe aliyempita sungura. Akimaliza huuliza, "Na funzo lake, binti?" Ummukulthum akikosea, Mwalimu hucheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Asubuhi moja ya Novemba Ummukulthum aliingia akamkuta Fortunat anakunja shuka. Chumba kilinuka mkojo wa tangu jana. Bakuli la uji lilikuwa juu ya kabati, mkono wa Mwalimu haufiki, na uji umeganda hata kijiko kimesimama chenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Leo nina ya simba."

Simba alizeeka, alisema, akalala pangoni hawezi hata kunguruma. Ngiri akaja, akamchoma kwa meno yake. Fahali naye akalipiza kisasi chake. Hao wawili simba aliwavumilia, maana walikuwa na nguvu na aliwahi kuwakosea. Kisha akaja punda, ambaye simba hakuwahi kumdhuru, akaona hakuna hatari, akampiga teke la uso.

Fortunat alicheka. "Dada, huyu muzee iko na kichwa ya mutoto." Akatoka na shuka zake.

"Na funzo lake, binti?"

Safari hii Mwalimu hakucheka. Ummukulthum alifunua blanketi, akapandisha suruali. Kwenye muundi palikuwa na alama za ncha ya kiatu, nyingine zimekwisha kuwa kijani, moja bado nyekundu.

"Ni yeye?"

"Nimekwisha kukuhadithia."

Alikimbilia sinki akatapika. Kilichomtia kinyaa zaidi ni nafsi yake. Uji wa baridi alikuwa ameshauona mara nyingi, na harufu ile alishaisikia, akajiambia zamu imezidiwa kazi, kwa sababu mwenye zamu alikuwa Fortunat.

Meneja wa nyumba ile ya wazee, Poonam, alimsikiliza huku akichovya biskuti kwenye chai. "Ngozi ya wazee huvilia damu kwa kuguswa tu," alisema. "Fikiria jina la nyumba hii. Na kibarua chako." Biskuti ilikatikia kikombeni, akaivua kwa kidole, akakilamba. Ummukulthum aliondoka bila kuaga.

Jioni ile alimpigia simu Shirin, binti wa Mwalimu aliyekaa Wembley. Shirin alikuja kesho yake na kamera, akamchukua baba yake siku hiyohiyo, kisha akaenda polisi.

Fortunat alimzuia Ummukulthum kwenye korido. "Nani alikutafutia kazi? Si njo mimi?"

"Ni wewe. Ndiyo maana nilinyamaza mpaka na mimi nikanuka. Nipishe."

Fortunat alifukuzwa kazi, lakini kesi haikufika mahakamani. Polisi walisema ushahidi hautoshi. Mwalimu aliishi miezi minane kwa binti yake, safi, ananukia sabuni, na Ummukulthum alikwenda kumtazama kila Jumapili mpaka alipofariki.

Mwaka 2001, ndani ya treni ya chini ya ardhi ya Victoria, mtu aliingia Seven Sisters akakaa karibu naye. Alivaa sare ya bluu na beji ya nyumba nyingine ya wazee.

"Dada! Habari ya siku mingi?" Fortunat alimpa mkono.

Ummukulthum aliutazama mkono ule, kucha zimekatwa vizuri. Hakuupokea. Aliisoma beji, herufi moja moja, akashuka Blackhorse Road, kituo kimoja kabla ya chake. Nje ya stesheni aliingia kwenye kibanda cha simu, akapiga kuulizia namba ya simu ya nyumba ile, apate kuwaonya.