Mstari wa Mzee

Benki ilikataa kutukopesha pesa za ghorofa ya Kabiria mpaka tuionyeshe hatari za kazi kwa namba. Boss, Mhindi aliyezaliwa Ngara, aliyejua kutukana kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, akanikalisha mbele ya kompyuta. Mimi nilikuwa mnunuzi wake wa vifaa vya ujenzi.

"Wewe hata lori la mchanga unahesabu mara mbili," akasema. "Hesabu na hii."

Jedwali lenyewe halikuwa na uchawi. Kila hatari ilikuwa na mstari wake: mvua, vyuma kukwama bandarini, umeme kupotea. Unaandika uwezekano wake na siku itakazokupotezea. Kompyuta inarusha kete, inajenga ghorofa mara elfu moja, halafu inakwambia itaisha lini. Mara elfu moja, bila hata mfuko mmoja wa simiti. Bei nzuri.

Tulikaa watatu katika ofisi yetu ya mjini, juu ya duka la vitambaa: boss, mimi, na mzee wa Waithaka aliyesimamia mijengo yetu yote. Tulipomaliza mstari wa mvua, boss akasema bila kuinua macho, "Weka na sukari ya mzee."

Mzee alikuwa ameanguka mara moja, kwenye mjengo wa Jamhuri, sukari ikiwa imepanda. Sasa alikuwa ameketi hapo hapo, kofia magotini.

"Asilimia ngapi?" nikauliza.

"Arobaini."

"Arobaini ni ya mtu aliye wodini, boss. Huyu amepanda ngazi zetu leo kwa miguu yake. Kumi."

"Kumi? Hata wewe una kumi! Thelathini na tano."

"Kumi na tano."

Mbele ya bei siwezi kunyamaza. Tulikuwa tumefika ishirini na mbili mzee alipokohoa.

"Andikeni ishirini na tano," akasema. "Nisionekane naomba."

"Huyo ndiye mwanaume!" Boss akampiga begani. Nikaandika.

Kompyuta ilichukua muda wake, chai ikapoa. Ilipomaliza, mzee aliinama kwenye skrini, akatafuta mstari wake kwa kidole.

"Kwa hizo elfu, nimeanguka mara ngapi?"

"Mia mbili arobaini na saba." Nikahesabu tena. "Ndiyo, na saba."

"Na hizo zingine?"

"Uko kazini, mzee."

"Mpaka paa?"

"Mpaka paa."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesifiwa.

"Mtoe," boss akaniambia. "Tuone."

"Nani?"

"Mstari, bwana. Toa mstari."

Nikautoa. Kete zikarushwa upya. Ghorofa ikaisha mapema kwa siku mbili.

"Mbili tu, boss," nikasema. "Vyuma peke yavyo vinatupotezea kumi na saba. Na huyo utakayemleta badala yake atazila hizo mbili akitafuta choo kiko wapi."

"Vyuma nitavifukuza vipi?"

Nikahifadhi jedwali hivyo, bila mstari wa mzee.

Mzee akatutazama mmoja mmoja. "Kwa hivyo Jumatatu nisije?"

"Njoo," boss akasema. "Umwonyeshe mtu mpya kazi. Siku tatu."

"Tano, boss," mzee akajibu. "Ile ardhi ya Kabiria ina maji chini."

"Nne. Na nauli ni yako."

"Sawa," mzee akasema, akavaa kofia. Nikachapisha karatasi za benki, nakala mbili.