Aibu ya Mvuta Kamba

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Kapi anameza kidonge chake mbele za watu. Amesimama kando ya rundo la mchanga, chupa ya maji mkononi, wala hajali nani anamtazama. Mafundi wanaovaa viatu vya kazi wanamchokoza: "Mzee, umekunywa kweli? Toa ulimi tuone." Anautoa. Wanacheka, kisha kila mtu anashika lake.

Kapi ni jina la kazini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mvuta kamba kwenye majengo: fundi yuko juu, yeye yuko chini, na kati yao kuna kamba, gurudumu la kapi na ndoo ya zege. Kwa siku alipandisha ndoo zaidi ya mia mbili. Leo ana miaka hamsini na mitatu, anachekecha mchanga kwa nusu ya ujira wa zamani.

"Kamba hakuna aliyeninyima," anasema. "Nimejinyima mwenyewe."

Moyo ulianza kumchezea miaka mitatu iliyopita. Ulikuwa ukitoka mbio ghafla, anaketi, baada ya dakika kumi umetulia, naye anasingizia jua. Siku moja ukagoma kutulia. Hospitali walihesabu mapigo mia moja tisini na nane kwa dakika moja.

Kwanza aliambiwa abane pumzi na kujikamua kama mtu aliye chooni, kwani wakati mwingine hilo peke yake huurudisha moyo kwenye mwendo wake. Kapi alijikaza kisabuni mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Wapi! Ndipo wakamchoma dawa iitwayo verapamil kwenye mshipa, polepole, macho yakiwa kwenye mashine.

"Sindano haijatoka, nikasikia kifua kimenyamaza," anakumbuka. "Nikajua nimeshakufa. Halafu nikamwona daktari anatabasamu, nikasema aa, bado nipo."

Alirudi nyumbani na vidonge vya dawa hiyohiyo, vya asubuhi, mchana na jioni. Dawa za kundi hili huzuia kalsiamu isiingie kwa wingi kwenye seli za moyo, na umeme unaoamrisha mapigo hupita kwa mwendo wa taratibu zaidi. Si kila mwenye moyo wa mbio zinamfaa, ndiyo maana daktari hupima kwanza. Kapi zilimfaa. Miezi minne mizima moyo wake ulikaa kimya.

Balaa lilikuwa kwingine: dawa ilimfunga choo. Siku tatu, siku nne, mara tano. Tumbo gumu, chakula hakishuki. Na daktari wake kliniki alikuwa mwanamke mwenye umri wa binti yake wa kwanza. Kila mwezi alimuuliza kama kuna lolote linalomsumbua. Kila mwezi Kapi aliutazama ukuta, akajibu, "Niko salama, daktari."

"Ningeanzaje?" anauliza. "Yule mtoto ananiita baba. Nimwambie baba yake hajapata choo tangu Jumapili?"

Anacheka, kisha kicheko kinamkatikia njiani.

Akaviacha vidonge, bila kumwambia mtu. Kila siku alivitumbukiza chooni, ili mkewe akichungulia kopo aone vinapungua. Tumbo likalegea, hamu ya kula ikarudi, na moyo haukusema kitu. Akajiona mjanja.

Wiki ya sita alikuwa kwenye kamba. Juu, kwenye jukwaa la ghorofa ya kwanza, alikuwepo shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi mwashi. Ndoo ilifika. Shemeji akainama, akaushika mpini kuivutia ndani, uzito wote bado uko kwenye kamba. Hapo moyo wa Kapi ukatoka mbio, macho yakaingia giza, mikono ikalegea. Ndoo ikashuka, na shemeji akashuka nayo.

Mguu wa shemeji ulivunjika sehemu mbili. Alilala miezi kumi na moja. Siku hizi anachechemea, hapandi tena jukwaa, anashona viatu kibarazani kwake.

Kapi alipolazwa tena, alimweleza daktari kila kitu huku amejifunika shuka hadi puani. Daktari hakucheka. Alimrudishia vidonge, akamwandikia dawa ya kulainisha choo, maji mengi na mboga. Wiki moja tu tatizo likaisha.

"Wiki moja," anarudia. "Mguu wa mtu umekwenda kwa jambo la wiki moja."

Lililomla zaidi ni huruma ya shemeji mwenyewe, aliyemwambia akiwa bado kitandani: "Ni ugonjwa, shemeji. Usijisumbue." Kapi aliinamisha kichwa, akayameza maneno. Kwa mwaka mmoja na nusu aliendelea kufarijiwa na mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemlemaza.

Tulipomwomba atusimulie maisha yake, alitutaka tusubiri. Hakutaka shemeji ayasome gazetini kabla hajayasikia kwake. Jumamosi mchana akapiga moyo konde, akaenda kibarazani kwa shemeji, akakaa kwenye benchi la wateja, akasema yote: vidonge, kopo, choo.

Shemeji aliweka sindano chini.

"Ungeniambia mimi," alisema. "Ningekwenda kwa huyo daktari, nikamwambia ni mimi niliyefunga choo, anipe dawa, nikuletee. Mimi nisingeona aibu, shemeji. Kwa ajili yako nisingeona."

Kisha akamwomba aondoke, kwa adabu, kama anavyoagwa mteja.

Msimamizi amemwambia Kapi kwamba kamba iko wazi akiitaka, maana moyo umetulia mwaka mzima na daktari hana pingamizi. Amekataa. Anachotaka hakipo kwenye jengo.

"Nangoja aniite," anasema, akitikisa chekeche. "Hata akiniita kunitukana, nitakwenda."