Barua Iliyojituma Yenyewe

Saiba ya Selpher, duka lake la kompyuta, iko Mlaleo, Kisauni, na ukitaka kumuudhi mwenyewe, mwambie amepoteza karatasi yako. Wateja humtumia nyaraka zao kwa baruapepe yake awapigie chapa, na Selpher hafuti kitu. Afute vipi? Mtu yule yule atarudi baada ya mwaka mzima, "Selpher, ile yangu bado unayo?" na ole wake aseme hana. Basi kompyuta moja ikawa sanduku la mtaa: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, barua za kuomba kazi, siri za watu na ndoa zao. Na Selpher alilala usingizi wake mnono, kwa sababu pembeni mwa kioo paliwaka alama ya kijani ya ile programu ya kuzuia virusi. Aliinunua kwa halali, si ya wizi kama ya jirani yake, na hakuchoka kumkumbusha jirani.

Humo ndani mlikuwa na barua ya Mzee Kaingu.

Mzee huyu alikuja miaka miwili iliyopita kutoka bara ya Kilifi, na furushi la nguo na jeraha bichi la panga begani. Watoto wa marehemu ndugu yake walimwita mchawi. Ushahidi? Mvi zake, na ekari sita za shamba. Alipanga chumba Junda kwa Mama Fidel, akawaambia watu hana jamaa, na simu akaitupa asije akatafutwa. Selpher ndiye aliyemwandikia barua kwa shirika la kutetea wazee. Aliandika yote: majina ya waliomkata, nyumba anayokaa, njia ya kufikia, hata rangi ya geti.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. "Selpher, mbona umenitumia cheti cha ndoa ya watu?" Akacheka, akasema labda mkono uliteleza. Ikalia tena. "Haya majibu ya hospitali ni ya nani?" Kufikia simu ya tano hakucheka tena. Akamwita Phineas, fundi wa kompyuta.

Phineas aliketi, akatazama, akaguna.

"Umefungua kitu usichokijua?"

"Haki ya Mungu sikubonyeza chochote!"

"Nakuamini. Ni hii kinga yako." Akaigonga ile alama ya kijani kwa ukucha. "Kila faili linaloingia, yenyewe hulifungua kwanza ilikague. Sasa ina tundu. Wametuma faili bovu, kinga ikalifungua, na wezi wakapitia hapo hapo. Walioitengeneza walishatoa kiraka cha kuliziba tangu mwezi wa tatu."

"Mimi sikukipata."

"Ungekipataje? Umezima masasisho."

Ni kweli aliyazima. Yalikuwa yakila bando na kuzubaisha printa, na wateja wamepanga foleni. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea, na Selpher alikivalisha nguo mwenyewe.

Lakini hilo halikumtisha kama lililofuata. Faili za watu zilikuwa zimetumwa ovyo kwa watu waliowahi kumwandikia. Akaitafuta barua ya Mzee. Imeondoka tangu Jumamosi jioni, kwa watu arobaini na mmoja. Akashuka na majina, kidole kwenye kioo, mpaka akafika kwa Ngumbao. Kijana huyu alimtumia vyeti mwaka juzi, akitafuta kazi kwenye viwanda vya Changamwe. Akaja kuvichukua, akalipa, akaenda zake, na Selpher akamsahau. Na jina lile lile alikuwa ameliandika ndani ya barua, mstari wa tatu, kati ya waliomkata Mzee.

Jumamosi jioni, na leo ni Jumatatu! Hakufunga hata mlango. Alirukia pikipiki ya kukodi, akamhimiza mwenyewe mpaka Junda.

Geti la buluu lilikuwa wazi. Uani Mama Fidel alikuwa akimimina chai, uso umemchangamka. Vijana wawili walikaa kwenye benchi, na chini yake pamelala gunia refu lililofungwa kamba.

"Karibu mwanangu! Kumbe Mzee ana wenyewe. Hawa ni watoto wa nduguye, wamekuja kumrudisha nyumbani. Na zawadi wamemletea, ona. Mwenyewe ameenda kusaga mahindi, hakawii."

Yule mrefu, Ngumbao mwenyewe, akainuka, akampa Selpher mkono kwa adabu zote.

"Si wewe dada wa saiba? Ahsante kwa ile barua. Tumemtafuta sana."

Selpher alitabasamu, sijui tabasamu lile alilitoa wapi. Akasema alipita tu kuulizia chumba, atarudi kesho. Akatoka polepole, na alipoipita kona akaikimbilia pikipiki aliyoiacha ikimngoja.

Alimkuta Mzee Kaingu karibu na kinu, mfuko wa unga begani. Hata shikamoo hakumpa.

"Mzee, wamekuja. Ni mimi, ni kompyuta yangu, nisamehe. Panda pikipiki twende!"

Mzee hakuuliza kompyuta imefanyaje. Aliushusha unga chini.

"Wangapi?"

"Wawili. Ngumbao ni mmoja wao. Twende, Mzee, watatuona!"

Wakapanda, mwenye pikipiki akakata kushoto kuelekea Mshomoroni, vumbi nyuma yao. Selpher aligeuka mara tatu, nne, kutazama barabara. Walipofika mbali, Mzee akamwinamia sikioni.

"Ngumbao aliachwa na mamake akinyonya. Mimi ndiye niliyemlea," akasema. Kisha akauliza, "Umemwonaje? Amekonda?"