Praima za Bastola Kwenye Risasi za Shemeji

Swali lililoninyima usingizi juma lile lilikuwa hili: nina akili, au ni mwoga tu aliyekwenda chuo kikuu? Nilikuwa na sababu ya kujiuliza. Tangu nimalize masomo na kupata kazi Virginia, nilikuwa nimeogopa mambo mengi ambayo hayakutokea. Niliogopa king'ora cha moshi cha jikoni nikidhani kinatoa mionzi, nikakifunga mfuko wa plastiki mpaka mwenye nyumba akaja kunifokea. Niliogopa breki za gari langu kila nilipoingia barabara kuu ya Beltway, nikazipeleka kwa fundi mara nyingi hivi kwamba alianza kunisalimia kwa huruma. Niliwahi kunusa gesi kwenye korido ya jengo letu, nikawagongea majirani milango, wakatoka na mataulo yao na watoto wao, wakasimama nje kwenye baridi wakiniangalia. Harufu ile ilikuwa ya kabichi. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alikuwa anapika.

Kwa hiyo nilipogundua kwamba shemeji yangu ameshindilia risasi za bunduki yake kwa praima zisizo zake, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni kabichi.

Shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa. Alikuwa msimamizi wa ghala moja kubwa kule Landover, Maryland, na walikuwa na nyumba upande wa Upper Marlboro, nyumba yenye besimenti, ile ghorofa ya chini ya ardhi. Nataja besimenti kwa sababu mwanamume wa Kitanzania akipata besimenti Marekani hubadilika. Huku juu alikuwa mtu wa kawaida, anakula ugali, anaulizia bei za viwanja Dar es Salaam. Akishuka zile ngazi anakuwa mhandisi, seremala, kamanda. Mtu huyu kwao hakuwahi kushika hata manati. Wafanyakazi wenzake walimpeleka siku moja kwenye uwanja wa shabaha, na tangu hapo tukawa hatuna shemeji, tuna mwanajeshi.

Mwaka ule ulikuwa wa tisini na tisa, na kazi yangu Falls Church ilikuwa kurekebisha programu za kompyuta zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, zisije zikadhani elfu mbili ni elfu moja mia tisa. Kazi ya kuchosha. Unabadilisha kitu kidogo, unajaribu programu nzima, unakibadilisha kingine, unaijaribu tena. Jumapili moja mezani kwa dada nilieleza haya yote kwa urefu, kama kawaida yangu, nikamalizia kwa kusema kwamba kwa maoni yangu hakuna litakaloharibika. Shemeji akasikia kwamba taa zitazimika dunia nzima. Kesho yake alinunua maharage, maji, mishumaa na betri. Kisha akaanza na risasi. Kati ya yote niliyowahi kumwambia, alichagua kuamini hilo moja ambalo sikulisema.

Bahati mbaya Maryland nzima ilikuwa imesikia kama yeye. Maduka ya bunduki yakaanza kuishiwa. Shemeji hakutishika, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kununua risasi zilizotengenezwa. Alikuwa akizijaza upya mwenyewe. Unaokota maganda matupu uwanjani, unayasafisha, unatia praima mpya, unatia baruti, unakandamiza kichwa juu, kila kitu kwa mashine ya mkono iliyofungwa kwenye meza. Praima ni kile kikombe kidogo cha bati kinachokaa kwenye kitako cha risasi. Pini ya bunduki ikikigonga, kinatoa cheche, na cheche inawasha baruti. Ni kidogo kuliko kifungo cha shati, na bila hicho risasi ni pambo la mezani.

Ndicho kilichoadimika. Shemeji alizunguka mpaka Virginia asipate praima za bunduki ndefu. Alichokuwa nacho ni mkebe wa praima za bastola, akazitia hizo. Ziliingia vizuri kabisa, akatujisifia mezani. Kipenyo kimoja, kimo kimoja, rangi moja.

Mimi nilijua tofauti kwa njia ya kijinga. Huwa nasoma maelezo ya kila kitu, hata ya dawa ya mswaki. Nikiwasubiri watu wa nyumba ile wamalize kuvaa tuende kwenye harusi, nilishuka besimenti nikakuta kitabu cha maelekezo cha ile mashine. Kilikuwa bado kwenye nailoni yake. Nikaichana. Kitabu kilisema, kwa herufi nzito, usibadilishe praima ya aina moja kwa nyingine. Bati la praima ya bastola ni jembamba, kwa sababu bastola hugonga polepole na mkandamizo wake ni mdogo. Ukiliweka kwenye bunduki ndefu, mkandamizo ni mkubwa mno, bati linaweza kutoboka, na moto uliotakiwa kwenda mbele ukarudi nyuma. Nyuma ndiko liliko shavu la mpigaji, na jicho lake. Na kwa bunduki inayojipakia yenyewe, kama ile ya shemeji, risasi inaweza kulipuka kabla mlango wa chuma nyuma yake haujafungwa sawasawa.

Niliyasoma haya nikiwa nimevaa kitenge cha harusi, na sikumbuki bibi harusi alivaa nini.

Nilimwambia siku ileile, tukirudi.

"Shemeji, zile risasi zitakutoboa jicho."

"Jicho moja si litatosha kukuona wewe, mke wangu mdogo?"

Dada akacheka. Mimi nilijua nimekwama. Kwetu shemeji ni mtani, na mtani hana neno la kweli. Tangu amwoe dada yangu nilikuwa nimemwambia atakufa kwa shibe, kwamba suti yake ni ya maiti, kwamba ghala litamwangukia na sisi tutagawana viatu. Yeye alishaniambia kwamba hakuna mwanamume atakayenichukua kwa sababu nitamwomba cheti cha daktari cha kila kidole. Ndiyo heshima yetu. Sasa nilitaka kumwambia kwamba atalipuka, na kila sentensi niliyoitafuta nilikuwa nimeshaitumia kumchekesha.

Nilijaribu kwa uso mkavu, akasema nimekuwa hodari wa kuigiza. Nikamsomea kitabu, akaniomba nimsomee tena kwa sauti ya mchungaji. Nikamwita kwa jina lake badala ya shemeji, akaanguka kwenye kochi kwa kicheko, akamwita dada aje asikie. Kadiri nilivyokuwa mkweli ndivyo nilivyozidi kuwa mcheshi. Sijawahi kufurahisha watu kiasi kile kabla wala baada ya hapo.

Nilikwenda kwa dada, ambaye ni muuguzi na ameona macho ya watu yaliyoharibika.

"Mwambie wewe," alisema. "Wewe ukimwambia anacheka. Mimi nikimwambia atanuna mwezi mzima, na gari langu liko kwa fundi, yeye ndiye anayenipeleka kazini."

Basi nikarudi kwenye mashaka yangu. Labda walikuwa sahihi. Nani kanituma? Mimi ni mtu wa kompyuta. Kitabu cha maelekezo huandikwa na wanasheria, na wanasheria hukataza kila kitu. Rafiki wa shemeji, Mkenya mmoja dereva wa lori ambaye ndiye aliyemfundisha kushindilia, alisema jamaa fulani uwanjani amekuwa akifanya hivyo na uso wake upo. Nilipouliza jamaa huyo ni nani, ikatokea kwamba Mkenya naye hakumwona, aliambiwa na mwingine. Huo ndio ulikuwa utafiti wote. Kazini kwangu tulikuwa tukijaribu programu nzima kwa sababu ya tarakimu mbili, na hapa mtu alikuwa anaweka uso wake nyuma ya mlipuko kwa ushahidi wa mtu asiyejulikana mwenye uso. Lakini majirani zangu nao walisimama kwenye baridi kwa ushahidi wa pua yangu. Sikuwa na mahali pa kusimama.

Safari ya kwenda kuzijaribu ilipangwa Jumamosi mchana, baada ya chakula. Nilikwenda mapema kusaidia kupika, au hivyo nilivyojiambia. Wanaume walikuwa besimenti. Nilipowashushia chai niliwakuta watatu: shemeji, Mkenya, na mgeni wao, mwalimu wa historia, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili darasani na kukizungumza vizuri kuliko sisi sote. Sisi tulisema "nimepaki gari". Yeye alisema ameegesha. Sanduku la risasi lilikuwa mezani, limefunguliwa, zimepangwa kama biskuti.

Nikaweka sinia chini nikasema mara ya mwisho, kwa utulivu, kwamba praima zile si za risasi zile na kwamba atakayezipiga anaweza kupoteza jicho.

Shemeji na Mkenya wakacheka papo hapo, kama redio iliyowashwa. Mwalimu hakucheka. Aliweka kikombe chake chini.

"Samahani, dada yangu. Je, unasema kwa dhati?"

Sijui kama nitaweza kueleza jinsi nilivyompenda mtu yule kwa nusu dakika. Alikuwa mtu wa kwanza kusikia maneno yangu yakiwa maneno tu. Nilifungua mdomo kumjibu, lakini Mkenya alishamwekea mkono begani.

"Zii, hapana, bosi, usijali. Huyu ni shemeji wake. Hawa watu wa Tanzania ni hivyo, wanatishana kifo ndio wapendane. Hiyo ni culture. Hapo unafaa kucheka tu."

Na mwalimu, ambaye alikuwa ametumia miaka kujifunza kutodharau mila za watu, akacheka. Alicheka kwa adabu, akinitazama kuona kama amecheka kiasi kinachofaa. Niliona mtu mzima, mwenye digrii mbili, akiacha masikio yake mwenyewe ili asituvunjie heshima.

"Na kwa sababu wewe ni mgeni," shemeji akamwambia, "leo unafungua wewe. Risasi ya kwanza ni yako."

Ukarimu wetu, jamani. Tunampa mgeni kiti kizuri, paja la kuku na mlipuko wa kwanza.

Hapo ndipo mashaka yangu yaliponiishia, na si kwa sababu nilipata uhakika. Sikupata. Niliona tu kwamba nimepoteza juma zima nikitaka kuaminiwa, kana kwamba jicho la mwalimu lingesubiri mpaka mjadala uishe. Na wanione mwoga. Nilishasimamisha jengo zima nje kwa sababu ya kabichi, na sikufa kwa aibu.

Halafu nikakumbuka kwamba mtani haishii kwenye maneno. Babu yangu alipofariki, watani walikuja wakachukua viatu vyake, wakavivaa, wakacheza navyo uani, na hakuna mwana wa marehemu aliyethubutu kusema rudisheni. Mtani akichukua, amechukua. Ukimkasirikia umekuwa mtu wa hovyo mbele za watu.

Nikalifunga sanduku nikalikumbatia.

"Hizi nimechukua."

Wakacheka, hata mwalimu, safari hii kwa kujiamini zaidi.

"Chukua, mke mdogo," shemeji akasema, akinyoosha mikono kama mzee wa mahari. "Nakupa mbele ya mashahidi. Iwe posa yako."

Nilimshukuru. Ukutani juu ya mashine kilining'inia kifaa kama nyundo ya plastiki yenye kichwa kilicho wazi ndani. Risasi iliyokosewa hutiwa humo, unaibamiza nyundo chini, na kichwa cha risasi kinajichomoa na baruti yake bila kuwaka. Kitabu kilikuwa na ukurasa mzima juu yake, na ukurasa ule niliusoma zaidi ya nyingine. Nilivaa miwani ya shemeji ya kinga, ambayo ilikuwa mpya kabisa, nikaketi kwenye sakafu ya saruji, nikatia risasi ya kwanza nikaibamiza. Nilikosea pembe. Nikabamiza tena. Kichwa kikachomoka, baruti ikamwagika ndani ya nyundo kama ufuta. Nikaimimina kwenye kopo, ganda nikaliweka kando.

Kwa risasi tatu nne za mwanzo walikuwa bado wanacheka. Mkenya alisema shemeji ameoa familia ya mafundi. Halafu vicheko vikapungua, kimoja kimoja, kama watu wanaoaga. Shemeji alisogea karibu. Kuzijaza risasi zile kulimchukua jioni nyingi, na praima hazikuwa madukani, na alikuwa ameshasema mbele ya mashahidi kwamba amenipa. Angeweza kuninyang'anya, lakini ingebidi kwanza akasirike, na akikasirika maana yake si utani tena, na kama si utani basi ilibidi anisikilize. Nilimwona akilifikiria hilo. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu mwingine kwenye familia yetu akifikiri kupita kiasi.

"Shemeji," alisema, na neno lile halikuwa na mchezo ndani yake. "Unafanya kweli?"

"Nafanya kweli. Ikibaki hata moja, hamwendi nayo."

Mwalimu aliinua kikombe chake, akakishusha bila kunywa, kisha akavuta kiti akakaa, kama mtu aliyeelewa kwamba hatutoki leo. Mkenya alitazama saa. Nikachukua risasi nyingine, nikaitia kwenye nyundo, nikaibamiza sakafuni.