Kipimo cha Baridi

Mwenye duka la dawa pale Kayanga aliniuliza nataka kipimo cha homa cha aina gani. Nikamjibu kwamba sitaki cha homa, nataka cha baridi. Alikuwa mtu mpole, mtoto wa watu waliohamia kutoka pwani zamani, na nadhani katika miaka yote aliyouza dawa hakuna mteja aliyewahi kumwambia maneno hayo. "Ndugu yangu," akasema, "baridi tunaipima kwa blanketi."

Sikucheka. Binti yangu alikuwa amezaliwa njiti, kwa upasuaji, na siku hiyo ndiyo tulikuwa tunaruhusiwa kwenda naye nyumbani. Mke wangu alikuwa bado wodini akinisubiri nirudi na kipimo. Nesi alinikalisha kwenye benchi akanieleza polepole, kama mtu anayejua kwamba wanaume husikia nusu. Mtoto huyu hana mafuta mwilini, alisema, hawezi kujipatia joto mwenyewe. Akae kifuani kwa mama au kwa baba, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, na joto lake lisishuke chini ya thelathini na sita na nusu. Likishuka, mrudisheni kifuani pale pale. Lisipopanda, mleteni huku akiwa hapo hapo kifuani. Nilipoinuka akanishika mkono akaongeza neno moja, kwamba mtoto aliyepoa halii. Ananyamaza tu.

Mwenye duka akaweka vipimo vitatu mezani. Macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye kile cha kuelekeza usoni kama bastola, maana kilionekana kitu cha maana na hakina haja ya kumgusa mtoto. Tukakijaribu kwangu. Nilikuwa nimetoka kwenye pikipiki, upepo umenipiga njia nzima, na kikasema nina thelathini na nne. "Basi wewe ni marehemu," akasema, akakirudisha kwenye boksi. Cha kioo kilianzia thelathini na tano. Nikamuuliza, mgonjwa akiwa chini ya hapo kinaonyesha nini? Akakigeuza geuza kwenye mwanga, utani ukamwisha, akasema hakionyeshi kitu. Cha tatu kilikuwa cha plastiki, chembamba, cha betri, kinalia kikimaliza kupima, na karatasi yake ilisema kinaanzia thelathini na mbili. Nikachukua hicho. Njia nzima sikutaka kufikiria ni mtoto gani atakayehitaji kusomewa hiyo thelathini na mbili.

Kwetu Ihembe ukungu hukaa migombani hata jua likishatoka, na nyumba ya matofali isiyo na dari haina rafiki. Nilipima kila nilipopata nafasi. Nilikausha kwapa la mtoto kwa kanga, nikaingiza ncha, nikaubana mkono wake kwa vidole viwili, nikazuia pumzi mpaka kilie. Mke wangu akaniambia, "Utamtoboa huyo mtoto." Lakini nilipotoka kidogo na kurudi, nilimkuta yeye ndiye anapima.

Mchana nilimbeba mimi ili yeye na kidonda chake walale. Nilikaa jikoni karibu na moto, kifua wazi ndani ya koti kubwa, kofia ya sufu ya mtoto ikichungulia chini ya kidevu changu. Jirani mmoja alitangaza kisimani kwamba siku hizi nanyonyesha. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wakati mwingine ningemfuata. Safari hii sikuwa na nafasi ya kugombana na mtu.

Ndipo akaja shangazi yangu kutoka Songambele. Huyu ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na kwetu mtoto akizaliwa, shangazi wa baba ndiye anayempakata kwanza katika wageni wote. Hiyo ni haki yake, haiombwi. Alikuja kwa pikipiki na wakwe zake wawili, wake za wanawe, wamefunga mkungu wa ndizi, jogoo na chupa ya samli. Na mvua nayo ikaja nao.

Nilimpa shikamoo nikiwa nimekaa hapo jikoni, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani mwangu. Aliitika, akatazama koti langu.

"Mawe, mama wee! Mwanangu, umekuwa kuku? Unaatamia?"

"Ni agizo la hospitali, shangazi."

"Vizuri. Sasa kapokee mzigo, unalowa. Mimi nipe omwana wangu."

Mke wangu alikuwa nyuma ya nyumba, bafuni, kwenye maji ya moto ya uzazi. Dereva alikuwa amesimama kwenye mvua kando ya pikipiki, mkungu bado umefungwa nyuma. Na kumnyima shangazi mtoto si kukosa adabu tu. Ni kumwambia mbele ya wakwe zake kwamba unaogopa jicho lake baya. Watu wamezikana bila kusemeshana kwa jambo kama hilo. Nikafungua koti nikamtoa binti yangu, nikamfunga haraka kwenye blanketi lake, nikampa. Nikasema, "Usimfunue, shangazi, nakuomba." Nikatoka mbio.

Mkungu ulikuwa umefungwa kwa kamba za mpira ambazo hazikutaka kufunguka, na jogoo akaponyoka akaingia kwenye shamba la kahawa. Nilimwacha aende. Hata hivyo niliporudi ndani nimelowa chepechepe, blanketi lilikuwa magotini. Walikuwa wamemfunua wamtazame, kama watu wote wanavyomtazama mtoto. Mguu ni wa babu, vidole ni vya upande wa mama, paji hili tunalijua. Kofia ilikuwa imevuliwa ili waone nywele. Alikuwa ameshafika kwa mkwe wa pili.

"Mtoto mpole huyu," yule mkwe akasema. "Tumempitisha mikono yote, hajalia hata kidogo."

"Mpole kweli," mwenzake akaitikia. "Hatasumbua mtu."

Nilichukua kipimo juu ya kabati, nikapiga magoti, nikakiingiza kwapani mwake hapo hapo mapajani mwa yule mwanamke. Mkono wa mtoto haukunipinga. Siku zote alikuwa akiuvuta. Kipimo kikakaa, kikakaa, kikalia. Thelathini na tano na pointi mbili.

"Unapima nini?" shangazi akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Unapima mikono yetu?"

"Amepoa, shangazi. Ni thelathini na tano."

"Basi homa hana. Tumshukuru Mungu."

Nilifungua mdomo nikapaza sauti, nikasema nilikwambia usimfunue, na maneno mengine ambayo mtu hamwambii aliyemlea. Shangazi akasimama, akachukua mkoba wake. Mkwe wake aliyempakata mtoto akaninyooshea. Nikavua shati nimweke mtoto kifuani, nikajigusa, nikakuta ngozi yangu ni baridi kama ya chura. Mvua nje ilikuwa inapiga bati hatusikilizani. Kumpeleka hospitali kwa pikipiki katika hali ile, kifuani kwa mtu aliyelowa, kulikuwa kummaliza.

Mke wangu alitokea mlangoni kwa nyuma, amejifunga kanga, nywele zinachuruzika mvua, ameshika tumbo mahali pa kidonda. Alinitazama mimi, akatazama kipimo. Alijigusa shingo yake iliyolowa, akaikuta baridi, akamgeukia shangazi.

"Shangazi," akasema taratibu, "humu ndani wewe ndiye mwenye joto. Umekaa motoni tangu umefika. Tusaidie. Mweke kifuani kwako, ndani ya nguo."

Shangazi alisimama na mkoba wake. Nilijua kabisa ninachostahili. Kisha akauweka chini, akafungua vifungo vya gauni, akasema, "Nileteeni."

Tulimvika mtoto kofia, tukamlaza katikati ya maziwa yake makubwa, tukawafunika wote wawili kwa kanga na blanketi, tukasogeza kigoda motoni. Wakwe wakatoka kwenda chumba cha mbele. Nikapima tena kwa kupenyeza mkono chini ya nguo, uso nimegeuza pembeni kwa aibu. Pointi mbili ile ile. Nikangoja, nikapima. Pointi mbili. Nikaanza kutafuta koti la mvua na kupiga simu kwa dereva, na shangazi akasema bila kunitazama, "Ngoja. Ananipumulia hapa." Nikapima. Pointi nne. Mke wangu akakaa sakafuni akashika ukingo wa blanketi. Pointi saba. Ilipofika thelathini na sita nilikuwa nalia, na sikuficha.

Ilikuwa imepita hapo kidogo ndipo kofia ikajigeuza chini ya kidevu cha shangazi, na binti yangu akatoa sauti nyembamba, yenye hasira, halafu nyingine kubwa zaidi. Mke wangu akanyoosha mikono.

"Ana njaa. Nipe nimnyonyeshe."

Shangazi hakumtoa. Alikuwa anatazama moto.

"Kabla ya hawa wanangu nilizika wawili," akasema. Sikuwahi kulisikia hilo, na nimekulia nyumbani kwake. "Wadogo hivi hivi. Watu walikuja kunisifia. Wapole, walisema, hata hawalii."

Mtoto alikuwa anapiga kelele sasa, amekunja ngumi, uso wote umekuwa mwekundu. Mke wangu akasogea, akamgusa shangazi goti, akamwita tena kwa upole.

"Mwacheni alie," shangazi akasema. "Mwacheni alie kidogo nimsikie."