Nilivyomgeuka Hamisi Uwanjani Tingi

Mwanangu, katika siku zote za ujana wangu, inayonijia kila mara bila kuitwa ni Idi Pili moja pale Tingi, siku niliyobebwa juu juu na watu wakiniita bingwa. Naandika kwa kusita. Shule yangu iliishia darasa la saba, na huenda mengine nayakumbuka kwa kujipendelea. Nikijiona najipendelea nitajikamata mwenyewe.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara iliporuhusiwa na kila mwenye mtaji kidogo akafungua yake. Pale Kilwa Masoko mfanyabiashara mmoja, Bwana Shomari, alileta televisheni, deki ya video na jenereta, akapanga mabenchi kwenye banda la makuti. Humo ndimo tulimomwona Mjapani. Jina lake lilitushinda kutamka, tukamwita Bukta Nyekundu. Alikuwa mpiga mieleka, ile ya kuruka kutoka juu ya kamba na kumbwaga mtu chali. Mimi na rafiki yangu Hamisi tulimwiga mchangani mpaka Bwana Shomari akaona hapa pana biashara. Sikukuu ikifika anatupeleka Kivinje, Tingi, hata Kinjumbi, tunashikana mbele za watu.

Mieleka yetu ilikuwa ya kupatana. Leo anashinda Hamisi, safari nyingine nashinda mimi. Usiidharau, maana kumbwaga mtu mzima asiumie ni kazi ya watu wawili. Anayebwagwa anakupa mwili wake. Analegea, anaficha kidevu, anaruka pamoja nawe. Akiwa tayari anakubinya kiganja, hajakubinya, humnyanyui. Hamisi alikuwa mkwezi wa minazi, mwepesi, na mwenye nguvu kunishinda. Hilo lazima niliandike.

Kisha mpwa wa Bwana Shomari akaja kutoka Dar na mkanda mwingine. Bukta Nyekundu ni yuleyule, lakini safari hii haruki. Ni ngumi, mateke, kabali, watu wanavutana chini na damu inatoka kweli. Pambano la kwanza alipigwa mpaka uso ukavimba. La pili akaukamata mkono wa mwenzake, akaubana kati ya mapaja, akaunyoosha mpaka yule bwana akapiga sakafu kwa kiganja kuomba aachiwe.

"Kule mwanzo walikuwa wanapanga, wazee," yule mpwa akatueleza. "Huku hakuna kupanga. Jamaa kaacha maonyesho, kaingia kwenye kweli."

Banda likachafuka kwa kelele. Muuza samaki mmoja akatugeukia. "Kumbe! Na nyie wawili mnapeana zamu kama wake wenza!"

"Basi leo zamu yangu, usinicheleweshee mume," Hamisi akamjibu, na watu wakacheka mpaka benchi likapinduka. Hamisi naye alicheka. Mimi sikucheka. Nilitoka pale nimeona haya, na sasa najua ilikuwa haya ya mahali pasipohusika. Niliionea haya kazi iliyokuwa halali.

Idi Pili hiyo tulipatana kwamba Hamisi ashinde. Uwanja ulijaa tangu alasiri, watu na kanzu zao mpya. Yule muuza samaki, aliyetufuata kutoka Masoko, alikuwa mbele kabisa. "Wake wenza hao!" akapiga kelele. "Leo nani anapika?"

Tukashikana. Hamisi akalegeza mkono wake wa kulia ili niuzungushe kama tulivyozoea. Nikaukamata, nikajiangusha nao chini, nikaubana kati ya mapaja kama nilivyoona kwenye mkanda, nikavuta.

Alidhani nimeteleza. Akaninong'oneza, "Taratibu Bakari, bega hilo." Nikavuta. Akanipiga paja kwa kiganja, yaani niache. Nilisikia. Ningependa kuandika kwamba kelele zilinizidi, lakini nilisikia, na nikavuta tena, mpaka kitu ndani ya bega lake kikaachia.

Watu wakaingia uwanjani wakaninyanyua. Hamisi akatoka ameushika mkono wake kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Hakuwaambia watu kwamba tulipatana ashinde yeye.

Pale zahanati waliurudisha mfupa mahali pake, ila mkono haukunyanyuka tena kupita sikio. Mkwezi asiye na mkono anashikilia mnazi kwa kitu gani, mwanangu? Kijana aliyekuwa akikwea minazi ya nusu ya mji akabaki chini, anafua nazi walizoangusha wengine.

Nilikwenda kwao baada ya siku kadhaa. Mama yake, Bi Somoe, alikuwa anachambua mchele barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, bingwa." Hakuniangalia. "Hebu niambie. Hamisi alijua kama siku ile mnapigana?"

"Hakujua."

"Basi hukumshinda mtu. Mwanangu alikupa mkono ukae nao, wewe ukauvunja. Kaingie ndani ukamwone, mimi sikuzuii."

Ndani, Hamisi alikuwa amelala, mkono umefungwa kwa kanga. "Ungeniambia tu, Bakari," akasema. " Ungesema leo kweli, ningekubali. Na ningekupiga vizuri sana."

Hapo ndipo haya yenyewe ilipo. Alisema kweli, na mimi nilijua kabla hata ya kuingia uwanjani. Sikumwambia kwa sababu angenipiga.

Baadaye niliomba kuutazama ule mkanda peke yangu. Niliona ambacho sikukiona mwanzo. Kabla ya pambano, Bukta Nyekundu na mwenzake wanasimama uso kwa uso, mwamuzi anawaeleza, wote wawili wanaitikia. Kila mmoja anajua amekuja kufanya nini. Alipopigwa aliinama kumheshimu aliyempiga. Yule mpwa aliniambia kwamba jamaa aliendelea hivyo miaka, akishinda na kushindwa, na alipochoka akarudi kwenye mieleka ya kupatana, na wenzake wa zamani wakampokea, wakampa tena miili yao awabwage. Sina hakika na habari hizo. Lakini nikijitazama mimi, hakuna mtu aliyenipa tena mkono wake uwanjani, na hawakukosea.

Kuwaambia watu wa Tingi sikuweza. Wapo wazee kule wanaoniita bingwa mpaka leo, nami huitikia, kisha hukosa usingizi. Nimekuambia wewe. Sijui kama inatosha, nadhani haitoshi.

Nasaha yangu ni hii. Kutaka kubadilika si dhambi. Ukichoka na mapatano, toka. Lakini anza kwa kumwambia mwenzako, umwambie akiwa bado anaweza kukukatalia, kabla hajakukabidhi mwili wake, au mali yake, au siri yake. Na ukijikuta unaogopa kumwambia, jiulize unaogopa nini, kwa sababu huenda jibu lake unalijua. Mtu akilegea mikononi mwako, usimpime nguvu wakati huo. Mshike mpaka afike chini salama.

Mwenyezi Mungu akupe wenza wa kuaminiana nao, akupe na ulimi wa kusema mapema. Mikono yako isiwe sababu ya mtu kushindwa kazi yake. Na pale utakaposhindwa kwa haki, akujaalie shingo ya kuinama. Amin.